Kiti cha Pili katika Gari la Umazi

Nawapa kesi, jamaa zangu, mnisaidie kuikata. Sisi wa Malindi imetushinda, na kila tukiigusa tunaishia kutazama chini. Nitaieleza kama ilivyotokea, wala sitampendelea mtu, maana hata mimi mwenyewe sikutoka safi.

Walikuwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Nzai Mwagandi, fundi wa magari mwenye gereji kule Barani. Kipawa chake kilikuwa sikio. Angekaa kivulini amefumba macho, gari likapita barabarani, akasema plagi ya tatu imechoka, au beringi ya gurudumu la nyuma haimalizi wiki. Na kweli haikuimaliza. Wenye magari walikuwa wakimpigia simu kutoka Kilifi na Mambrui, wanailaza simu juu ya boneti injini ikinguruma, naye anasikiliza akiwa palepale Barani, kisha anautaja ugonjwa.

Wa pili ni Swabra Athman, mpiga rangi wa magari. Kipawa chake kilikuwa jicho. Hakuhitaji namba ya rangi kutoka kiwandani. Alitazama gari juani, akaenda kuchanganya mikebe yake, na akishapiga huoni pa zamani wala pa sasa. Umbo la gari alilisoma kama wengine wanavyosoma barua. Alisema kila gari lina mstari mmoja unaotoka kwenye taa ya mbele hadi taa ya nyuma, na yeye alijua ulipopinda bila sababu.

Wa tatu ni Mselem Bakari. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Miaka ishirini aliwatembeza Waitaliano magofu ya Gede na makorongo ya Marafa, na Kiitaliano chake kiliwafanya wasahau kwamba wako ugenini. Alisoma majarida yao ya magari akatutafsiria. Mselem akisimulia habari za injini, hata mtu asiyejua kuendesha baiskeli alikaa kusikiliza.

Watatu hao waliunganishwa na penzi la magari ya Vascarelli, kampuni ya Kiitaliano. Mji wetu umekaa na Waitaliano miaka mingi, na zamani mmoja wao aliyeishi mtaa wa Casuarina alikuwa na Vascarelli ya milango miwili, ya kijani kibichi kilichoiva, kama jani la mkorosho. Watoto wa wakati ule walilikimbilia likipita. Nzai, Swabra na Mselem walikuwa miongoni mwao, na hakuna aliyewahi hata kuushika mlango wake. Baadaye mwenyewe akarudi kwao, akaondoka nalo. Kampuni nayo ikaacha kutengeneza magari ya namna ile, ikapita miaka zaidi ya ishirini.

Kila Ijumaa baada ya alasiri walikutana kwenye kioski changu cha chai, pale Ngala, jirani na waosha magari. Mtu akitaka kununua gari alikuja na picha, akaiweka mezani kati ya vikombe, akangoja. Wakisema ndiyo, ananunua. Wakisema hapana, hata kama alishalipenda, analiacha. Watu wakazoea kuja kusikiliza tu, wakaongezeka, nami nikaongeza mabenchi. Nadhani ni wakati huo ndipo wale watatu walipoanza kuzitazama nyuso zetu kabla ya kusema.

Ijumaa moja Mselem akaja na habari kwamba Vascarelli wametoa gari jipya la milango miwili. Alikuwa na picha kwenye simu na video ya gari lenyewe likipanda mlima. Akatueleza kwamba huko Italia watu wamegawanyika. Wapo waliolia kwa furaha kwamba kampuni imerudi kwenye kazi yake, na wapo waliosema bora ingekufa na heshima yake. Mzee mmoja, alisema, ameapa kuibandua nembo kwenye gari lake la zamani asije akahesabiwa pamoja na hao wapya. Wengine walisifu uso wakaponda mgongo, wengine waliponda uso wakasifu mgongo. Siku hiyo kioskini tulikuwa watu kama thelathini, na tukataka kusikia Malindi inasema nini.

Mselem alipotuambia kwamba gari la namna hiyo wenyewe wanaliita "kupè", mtu mmoja wa nyuma akauliza ni kupe wa ng'ombe au wa mbwa. Tukacheka. Kuanzia hapo mambo yote yakaelekea upande wa kicheko, na kulirudisha gari upande wa pili kungetaka mtu mwenye moyo.

Nzai ndiye aliyeombwa aanze. Mselem akapandisha sauti ya video, Nzai akafumba macho kama kawaida yake. Baadaye alikiri kwangu alichosikia. Alisikia lile gari la Casuarina la utotoni, ila limekuwa kijana tena. Lakini alipofumbua macho aliona nyuso thelathini zinangoja kucheka. Akasema, "Kwetu Kakoneni kuna mashine ya kusaga mahindi inayolia hivi hivi. Ila ile walau ikinyamaza unapata unga."

Akafuata Swabra. Yeye hakusema uongo, na hilo naomba mlikumbuke mtakapohukumu. Alilitazama gari picha baada ya picha, akasema uso wake ni mzuri, na mstari wa ubavuni umetulia. Nyuma ndipo palipomchukiza. Aliona pamefura, pameinuka, hapamfuati mwenzake wa mbele. Angeweza kulisema hivyo tu. Lakini kicheko kilikuwa kimeshapamba moto, akasema, "Mbele ni Muitaliano. Nyuma ni kuku wa gredi aliyenyonyolewa." Watu walishikana mabega. Mimi nilimwaga chai kwenye trei.

Mselem hakusema neno lolote baya juu ya gari lile, na hilo nalo mlikumbuke. Alishika simu tu, akarekodi. Alipofika kwake akaandika maneno ya Kiitaliano chini ya video, akaituma kwenye ukurasa wa wapenzi wa Vascarelli. Siku ya pili ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili. Waliolichukia gari wakaisambaza kama ushahidi, waliolipenda wakaisambaza kwa hasira. Siku ya tatu Mselem alikuwa akisoma jarida moja la Kiitaliano, akakuta jina la aliyelichora gari hilo: Umazi Kenga, mzaliwa wa Malindi, Kenya. Anasema aliusoma mstari huo mara nne. Angeweza kuifuta video saa ileile. Akaitazama ile hesabu ya watazamaji, ilikuwa ikipanda huku anaiangalia, akajiambia kwamba hata akifuta sasa imeshachelewa. Akaiacha, wala hakutuambia.

Umazi ni binti wa Mbeyu, na Mbeyu tunamjua sote. Kwa miaka mingi alifua nguo katika nyumba ileile ya Casuarina yenye Vascarelli ya zamani. Kazi ilipokwisha akaanza kuuza mahamri na mbaazi asubuhi, mtaa wa Maweni. Binti yake alipata mfadhili akaenda kusoma Italia, na Mbeyu alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwanawe huko anachora magari. Watu walimwitikia kama unavyomwitikia mtu anayekueleza ndoto yake, huku unafunga mahamri yako kwenye gazeti.

Sasa wakaamini. Mtu mmoja aliona jina kwenye maoni ya ile video, akalifikisha mtaani. Asubuhi iliyofuata mteja mmoja akamlilia Mbeyu kama kuku anayetaga. Mbeyu akacheka naye, akidhani ni mzaha wa mahamri. Siku iliyofuata wakawa watatu. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameshapata jina, Mama Kuku, na watoto wa shule walilitamka wakipita. Jirani yake akamwonea huruma, akamwonyesha video yenyewe. Mbeyu aliitazama mpaka mwisho, akamrudishia simu, akasema asante. Akazima jiko, akaingiza sufuria ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakutoka tena kuuza. Umazi akipiga simu aliambiwa ni magoti tu yanasumbua.

Habari hizo zilitufikia kioskini siku ya Ijumaa. Nzai aliposikia, aliweka kikombe chini bila kunywa. Swabra aliuliza mara mbili, mtoto wa Mbeyu huyu wa mahamri? Mselem ndipo akakiri kwamba jina alilijua siku nyingi. Akaifuta video mbele yetu, lakini ilikuwa imeshajaa kwenye simu za watu, na moja ya simu hizo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemtumia dada yangu Lamu, shemeji yangu Voi, na mtu mwingine hata simkumbuki. Hakuna aliyemlaumu mwenzake siku hiyo. Wale watatu waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake, na Ijumaa iliyofuata hawakuja.

Sasa sikilizeni la pili.

Kampuni ilikuwa imepanga kulileta gari Kenya, Umazi apigwe nalo picha katika mji aliozaliwa. Akaja na mwandishi wa jarida la magari, Muitaliano anayeitwa Ruggero. Huyo Ruggero alikuwa ameshaiona video yetu, na habari yake alikuwa ameshaianza kichwani: gari ambalo hata kwao mchoraji wanalicheka.

Jumanne asubuhi Umazi alitoka Mombasa akiendesha mwenyewe, Ruggero akimfuata na gari la kukodi. Walipopita Gede, wakakaribia Msabaha, kulikuwa na tuta jipya lisilopakwa rangi. Umazi alifunga breki amechelewa, tumbo la gari likagonga, gari likayumba, na ubavu wa nyuma wa kushoto ukajisugua kwenye mkokoteni wa mchanga uliokuwa kando. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo gari likawa linakohoa na halitaki kwenda zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea. Ruggero alishuka akapiga picha za hayo, akamwambia Umazi kwamba amepata alichokihitaji. Akatangulia na gari lake hadi hotelini Malindi, apumzike kidogo kabla ya ndege ya saa kumi jioni.

Dereva mmoja wa tuktuk akampigia Nzai, kwamba kuna gari la ajabu linakohoa Msabaha. Nzai akamwomba ailaze simu kwenye boneti. Aliposikia, akajua ni gari gani, na kwa kuwa Malindi hakuna lingine, akajua anayeliendesha ni nani. Mwanafunzi wake wa gereji aliniambia kwamba alikaa juu ya tairi, kisha akawapigia Swabra na Mselem. Walikutana njia panda wakapanda pikapu yake. Mimi nilifunga kioski nikapanda nyuma, kwenye mikebe ya rangi.

Tulimkuta Umazi amesimama kando ya gari, vumbi limempanda mpaka magotini. Nzai akamsalimia. Hakuitikia. Swabra akamsalimia, na Mselem akamsalimia. Umazi aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Hizo sauti nazijua," akasema. "Wewe ni mashine ya unga. Dada, wewe ni kuku. Nawe, ami, ndiye uliyekuwa umeshika simu. Kicheko chako kiko karibu kuliko cha wengine."

Nilitamani angetutukana.

"Kama mmekuja kutazama, tazameni," akasema. "Kama mmekuja kutengeneza, tengenezeni. Msiniombe chochote."

Nzai akalala chini ya gari na kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akiipitisha polepole kwenye mabomba, injini ikiwa inawaka. Umazi alikuwa ameshaongea na mafundi wa kiwandani kwa simu, nao walisema tatizo liko kwenye kompyuta, gari lisiguswe mpaka mtu wao afike. Nzai hakubishana na mtu. Baada ya nusu saa mpira ukasimama mahali pamoja. Lile pigo la tuta lilikuwa limeitelezesha pete ya chuma inayobana bomba la hewa, pakabaki ufa mwembamba kama ukucha, na injini ikawa inavuta hewa isiyo yake. Akaibana. Umazi akazima gari, akaliwasha upya, na safari hii likanguruma sawasawa. Nzai alibaki ameinamisha kichwa muda mrefu mno, mpaka Umazi akauliza kama kuna tatizo jingine.

"Hakuna," Nzai akasema. "Liko sawa. Sauti yake ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

Swabra alikuwa upande wa pili na jeraha la ubavu, refu kama mkono. Alipiga msasa, akaliziba kwa pati, akachanganya kijani chake mara tatu akikilinganisha juani. Lakini kabla ya kupiga rangi alikaa chini, juu ya lami, nyuma ya gari, ili mkono wake uifikie sehemu ya chini. Hapo akatulia. Mimi nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa analiona gari kwa mara ya kwanza. Ukisimama, pale nyuma pamefura kama alivyosema. Ukikaa chini, ule mfuro unakuwa bega, mstari unashuka kutoka paani bila kukatika, na gari zima linaonekana linataka kuondoka.

"Ulilichora ukiwa umekaa wapi?" akamwuliza Umazi.

"Uani kwa bosi wa mama," Umazi akasema. "Mama alikuwa akianika nguo, mimi nakaa chini nyuma ya lile gari la bosi. Nilikuwa na miaka minne. Kwa juu sikuwahi kuliona."

Swabra akaendelea na kazi. Nilimwona akijifuta uso na nyuma ya mkono, kijani kikambaki shavuni, wala hakukitoa.

Mselem, aliyekuwa ameyasikia maneno ya Nzai, hakuwa na la kufanya pale, akachukua tuktuk kwenda hotelini kwa Ruggero. Umazi alikuwa ameshampigia mwandishi huyo simu mara mbili, naye alimjibu kwa adabu kwamba neno la mtu juu ya gari lake mwenyewe haliwezi kuandikwa. Mselem alimkuta mlangoni na begi. Alimwambia kwa Kiitaliano kwamba video ile aliichukua yeye. Akamweleza alichosikia Nzai na akakificha, na uso ambao Swabra aliusifu watu wasisikilize. Akamwambia jinsi yeye mwenyewe alivyoliona jina la Umazi akanyamaza, na yaliyompata mama wa watu mtaani. Ruggero akamwuliza, kama ndivyo, kwa nini walicheka. Mselem anasema hilo ndilo swali pekee lililomkosesha Kiitaliano chake. Mwishowe akasema kwamba watu walikuwa wengi. Ruggero alitazama saa yake, akaliacha begi mapokezi.

Walifika Msabaha saa nane mchana, rangi imeshakauka. Ruggero alilizunguka gari, akatafuta jeraha asilione, akamwuliza Umazi lilikuwa upande gani. Akaliendesha mpaka Gede na kurudi. Aliporudi alikaa chini barabarani, pale alipokaa Swabra, akapiga picha nyingi. Makala yake imeshatoka, Mselem alitusomea. Haisifu kila kitu, na huko Italia bado watu wanabishana juu ya mgongo wa gari lile. Lakini ile habari ya kwanza haikuandikwa, na Umazi kazi yake ipo.

Basi pimeni wenyewe. Bila sikio la Nzai gari lingelala Msabaha. Bila jicho la Swabra lingetembea na jeraha, na picha ingekuwa ya jeraha. Bila ulimi wa Mselem lingetembea likiwa zima na zuri, na mwandishi yuko angani. Hapo sijui nani wa kumtanguliza.

Lakini kesi yenyewe haijafika bado.

Ruggero alipoondoka kwenda uwanja wa ndege, Umazi akampigia mama yake. Akamwambia yuko karibu, ajitayarishe, anakuja kumchukua amzungushe mji mzima. Tulisimama mbali kidogo. Tulimwona anasikiliza tu, muda mrefu, kisha akaishusha simu.

Akatueleza aliyoyasema Mbeyu. Kwamba hatoki kwenda popote. Kwamba gari ataliona likija, lakini hataki kuliona likija na mwanawe peke yake. Waliomcheka walikuwa kundi, na kundi likija kuomba radhi litakuwa linatazamana lenyewe kwa lenyewe. Anataka mtu mmoja. Aje ndani ya gari hilohilo, ashuke mlangoni mchana huu majirani wakiwa nje, aseme kwa sauti kwamba aliyemfanya Umazi kichekesho ni yeye. Huyo mmoja ataingia, atakula, na yatakuwa yamekwisha kati yao. Wengine wasije, leo wala kesho. Hatawatafuta kwa ubaya, lakini mlangoni kwake asiwaone.

Gari la Umazi lina viti viwili tu. Akazunguka, akaufungua mlango wa kiti cha pili.

"Mimi sichagui," akasema. "Chagueni wenyewe."

Nzai akasema aingie yeye. Yeye ndiye aliyeanza, na alisema uongo. Sikio lake lilimwambia ukweli akalikana mbele za watu, na kama angesema alichosikia hakuna ambaye angethubutu kucheka.

Swabra akasema hapana. Uongo wa Nzai watu wameshausahau, hakuna anayemwita Mbeyu mashine ya unga. Jina analoitwa barabarani limetoka kinywani mwake yeye. Alisema alichokiona, ndiyo, lakini alikisema ili watu waanguke kwa kicheko.

Mselem akasema wenzake wote wawili hawakujua. Wao walilicheka gari. Yeye alijua kuna mtu, alijua ni mtoto wa nani, na akaendelea kuhesabu watazamaji. Maneno yao yangekufa palepale kioskini kama si yeye kuyabeba.

Wakaanza kuingiliana, kila mmoja akieleza kosa lake na kulikuza, na wote watatu wakawa wamesogea hatua moja kuuelekea ule mlango. Ndani kulikuwa na kiti cha ngozi ya kahawia. Hicho ndicho kiti walichokikimbilia vumbini tangu utoto wao. Anayekwenda kujiaibisha Maweni ndiye atakayepita Malindi nzima ndani ya Vascarelli, na ndiye pekee atakayesamehewa. Nikajikuta sijui tena kama wanagombania aibu au wanagombania kiti.

Nadhani nao walilijua hilo kwa wakati mmoja. Nzai akarudi nyuma, akayatazama mafuta yaliyo mikononi mwake. Swabra akarudi nyuma. Mselem akageuka akatazama barabarani. Umazi alikuwa bado ameushika mlango, jua linampiga usoni, na kule Maweni mama yake alikuwa ameshatoa kiti chake nje.

Hapo ndipo Umazi aliponigeukia mimi, kwamba mimi nilikuwepo siku zote mbili, basi niseme mmoja. Nilifungua kinywa. Nikakumbuka niliowatumia video ile, nikakifunga.

Haya, ninyi hamkuwepo kioskini, na hamkucheka, au labda mlicheka mkiwa huko kwenu. Mmemsikia aliyedanganya, aliyesema kweli kwa ukatili, na aliyenyamaza akijua. Mmeona pia mikono yao ilivyolitengeneza gari. Mlango uko wazi na kiti ni kimoja. Mngemwambia nani aingie?